Kitufe cha Jua na Mwezi

Nyumba ile ilikuwa na kompyuta moja na watu watatu, na watu hao watatu walikuwa na macho sita yasiyosikilizana.

Kompyuta yenyewe ilikaa sebuleni, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya kulia chakula, katikati ya cherehani na majora ya vitambaa. Ilifunikwa nguo ya maua iliyoshonwa kwa mabaki ya pazia la mteja, ikiwa na upindo na kifungo chake nyuma, kama mtoto aliyevalishwa vizuri kwa safari. Aliyeishona ni mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Huyu alishona mapazia tu. Gauni aliwahi kushona moja, la dada yake, na mpaka leo dada mtu husema kila akilivaa anajihisi anatakiwa kuvutwa upande mmoja asubuhi.

Mumewe aliitwa Karani. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi masjala, ofisi ya kutunza barua na majalada, na kazi yake ilikuwa kunakili mambo kutoka kwenye karatasi na kuyaingiza katika daftari kubwa. Alipostaafu alirudi nyumbani na mazoea hayohayo. Wateja wa mkewe waliandika oda zao kwenye tovuti: aina ya kitambaa, rangi, upana, urefu. Karani alizisoma, akazinakili kwa wino kwenye daftari la jalada gumu, kwa ule mwandiko wake wa kulala kidogo kuliani, kisha akamsomea mkewe, na mkewe akakata. Mama Mapazia hakuigusa kompyuta. Alisema yeye na chombo kile wanaheshimiana: yeye anakifuta vumbi, nacho hakimuulizi kitu.

Tovuti iliundwa na binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Kazi yake Kitinda ndiyo hiyo, kuwaundia watu tovuti, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa mbele ya kompyuta ileile mpaka jua linazama. Akiinuka pale macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Ndiyo maana aliigeuza ile tovuti ya mapazia, na kurasa zake zote za kazi, zikawa nyeusi zenye herufi nyeupe. Pembeni juu akaweka kitufe kidogo. Ukikibonyeza kinaonyesha jua, ukurasa unakuwa mweupe. Ukikibonyeza tena kinaonyesha mwezi, ukurasa unakuwa mweusi. Na ukurasa ulikumbuka. Ulivyouacha ndivyo ulivyoukuta kesho yake.

Basi hapo ndipo amani ya nyumba ilipotoka.

Asubuhi Karani aliweka jua. Mchana Kitinda alikuta jua, akapepesa macho kama aliyetoka pangoni, akaweka mwezi. Kesho yake Karani alikuta mwezi, akaguna. Kwa muda wa mwezi mzima waliongea habari hiyo wakati wa chai, wakati wa chakula, na hata kupitia mlango wa bafuni.

"Mimi maisha yangu yote nimesoma karatasi nyeupe," Karani alisema. "Ubao mweusi niliuacha darasa la saba, na sikuuaga vizuri."

"Baba, ile siyo karatasi, ile ni taa," Kitinda alimjibu. "Wewe unaweza kukaa saa sita unatazama balbu?"

Mama Mapazia aliyekuwa na pini nne mdomoni alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, kisha akatoa hukumu. Kila mtu akitumia kompyuta aweke anavyotaka, lakini akiondoka arudishe alivyokuta. Atakayesahau ataosha vyombo siku tatu. Alisema hivyo akijua kwamba mumewe hajaosha chombo tangu siku ya harusi, na kwamba atakuwa wa kwanza kusahau.

Alisahau ndani ya siku mbili. Akaosha. Akasahau tena. Siku ya pili ya adhabu ya pili, aliyekuwa mwenzake wa masjala alikuja kuulizia mapazia ya chumba cha wageni, akaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani, akamkuta Karani amefunga kanga kiunoni, mikono imezama kwenye povu mpaka kwenye viwiko. Karani alimwambia anatafuta pete yake. Yule mwenzake akatazama mkono, pete ipo kidoleni inameremeta, akasema anamshukuru Mungu imepatikana.

Tangu siku hiyo Karani akaapa moyoni kwamba hakigusi tena kile kitufe. Atasoma hivyohivyo mwezi ulivyo.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwenye ukurasa mweusi zile herufi nyeupe zilimwotea manyoya. Kila herufi ilivuja kando kama tone la maziwa kwenye kitambaa, ikashikana na jirani yake, na mstari mzima ukawa uzi uliofumuka. Kwenye ukurasa mweupe alijitahidi, alikunja uso, akapata. Kwenye mweusi alikisia. Kaka yake mkubwa alianza kwa kulalamikia herufi, na sasa alikuwa akishikwa mkono kupelekwa mezani. Karani alilijua hilo kila alipokunja uso. Alijua pia kwamba siku watakapogundua, daftari litapewa Kitinda, kwa upole kabisa, kwa maneno mazuri ya pumzika sasa baba, naye atabaki kuwekwa kiti barazani, mtu wa kusalimiwa na wapita njia.

*

Jumatatu asubuhi iliingia oda ambayo nyumba ile haijawahi kupata mfano wake. Kulikuwa na kliniki mpya ya macho inayotaka kufunguliwa upande wa pili wa barabara, na wenyewe walitaka mapazia kumi na manne ya kuzungushia vitanda, ya rangi ya kijani kibichi iliyopauka, yawe yametundikwa Alhamisi. Kitinda alikuwa ametoka kwenda kuonana na mteja. Ukurasa ulikuwa mweusi.

Karani alisogeza uso karibu na kioo, akaurudisha nyuma, akafumba jicho moja, akafumba la pili badala yake. Kitambaa alikipata. Rangi aliipata. Upana aliupata. Urefu ulianza na moja na kuishia na sifuri, na katikati palikuwa na kitu kimekaa kama mdudu wa manyoya, ambacho kingeweza kuwa nane na kingeweza kuwa tatu. Mkono ulikwenda wenyewe pembeni juu, kwenye kitufe. Kisha akatazama jikoni. Kwenye sinki vilimngoja vyombo vya jana, na juu yao ile sufuria ya wali ulioungua. Akaurudisha mkono. Akachovya macho tena kwenye ule mstari, akachukua kalamu, akaandika: sentimita mia moja na thelathini.

Mkewe aliposomewa alinyanyua kichwa.

"Mia na thelathini? Pazia la kitanda?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Mama Mapazia alivuta tepu, akamsimamisha mumewe karibu na mlango, akapima kuanzia pale ambapo bomba la pazia hukaa, juu kidogo ya kichwa, mpaka mwisho wa mia na thelathini. Tepu iliishia katikati ya paja. Akamwonyesha kwa kidole. Karani alisema pengine wagonjwa wa macho hawahitaji kufichwa wote, maana wanaumwa juu tu. Mama Mapazia alimtazama kitambo. Kwa miaka yote ya kazi hii alikuwa amekata kilichosomwa na mtu yule, na hajawahi kukata mara mbili. Akatandika kitambaa mezani, akapiga mstari wa chaki, akakata.

*

Alhamisi waliyapeleka mapazia wote watatu, yamekunjwa na kupigwa pasi, na waliyatundika wenyewe mpaka la mwisho kabla ya kumwita msimamizi. Huyo alikuwa muuguzi mkuu, mama mnene, mtulivu, aliyeitwa Sista na kila mtu, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Alisimama mlangoni akayatazama. Akamwomba Karani aingie alale kwenye kitanda kimojawapo, Karani akasema anaona haya, basi akamwomba asimame tu hapo kando ya kitanda. Akavuta pazia likamzunguka.

"Mzee, hapo ulipo umejificha?"

"Nimejificha," alijibu Karani kutoka ndani.

"Na soksi zako zimejificha?"

Chini ya pazia miguu miwili ilisogeleana.

"Maana naona moja ni nyeusi," Sista alisema, "na nyingine ni ya bluu."

Wauguzi wawili waliokuwa wanapanga dawa waligeukia ukuta wakawa wanatetemeka mabega. Karani alitazama miguu yake. Kwake zote zilikuwa nyeusi. Alibaki mle ndani ya pazia zaidi ya ilivyohitajika, kuanzia paja mpaka kiatu akionekana na kila mtu, na kwa mara ya kwanza alitamani kwamba pazia lile lingekuwa refu.

Sista aliuliza kwa sauti yake ileile kama pazia hili ni la kumfichia mgonjwa heshima yake au ni la kumtambulisha kwa wenzake. Kitinda alikuwa ameshaifungua oda kwenye simu. Aliisoma, akaisoma tena, akamtazama baba yake, ambaye sasa alikuwa ametoka kwenye pazia na kujishughulisha na kifungo cha shati. Kwenye oda palikuwa na mia na themanini, wazi kabisa. Kitinda alifungua mdomo.

Mama yake akamtangulia. "Ni mimi, Sista. Nimekata vibaya."

Alisema hivyo bila kumtazama mtu, akikusanya pini. Mwanamke yule ambaye sifa yake mtaani ilikuwa moja tu, kwamba mkasi wake haurudi nyuma, alisema mbele ya wauguzi na binti yake kwamba amekosea sentimita hamsini mara kumi na nne. Karani alimsikia. Ulipatikana upenyo wa kutosha kusema neno moja, kisha ukafungika, kwa sababu Sista alikuwa ameshasema kwamba kliniki inafunguliwa Jumatatu na mapazia sahihi anayataka Jumamosi asubuhi, la sivyo atatafuta fundi mwingine.

Waliyashusha. Njiani waliongozana mmoja nyuma ya mwingine. Kitinda alibeba furushi kubwa, na Karani alipotaka kumsaidia alisema ameshazoea.

*

Dukani walikuta ile rangi ya kijani imekwisha, jora jipya mpaka wiki ijayo. Nyumbani kilikuwapo kitambaa kimoja tu cha aina hiyo, cha bluu nzito iliyokaribia kuwa nyeusi. Mama Mapazia alikaa nacho mapajani kwa muda, kisha akaanza kukipasua vipande vya sentimita hamsini pamoja na ziada ya mshono. Chini ya kila pazia la kijani ataunga mkanda wa bluu. Alisema hata kama wakikataa, watakataa kitu kilichokamilika.

Kitinda alilifungua daftari la baba yake. Ule mwandiko wa kulala kuliani ulikuwa safi kama siku zote: 130. Alilifunga polepole, akalirudisha mahali pake, akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Karani alingoja binti atoke. Akavuta kigoda karibu na cherehani, akamuuliza mkewe kwa nini amebeba kosa lisilo lake.

Mama Mapazia hakusimamisha mguu kwenye cherehani. "Wakisema Mama Mapazia kakata vibaya, kesho wataleta pazia jingine," alisema. "Wakisema Karani haoni, daftari lako nani atakurudishia?"

"Umejua lini?"

"Tangu siku ulipolikaribisha koti langu kiti."

Karani alikumbuka. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, na sebuleni palikuwa na kigizagiza. Alilisalimia kwa adabu, akaliuliza habari za watoto. Alidhani siku ile hakuna mtu ndani.

Alitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Alimweleza mkewe kuhusu manyoya ya herufi, na kuhusu kaka yake, na kwamba alikuwa ameanza kuhesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni, ili siku hiyo ikija imkute anajua njia. Mama Mapazia alisimamisha cherehani sasa. Aliuondoa uzi kwenye bega la mumewe, ambapo hapakuwa na uzi wowote, akasema mambo ya kuhesabu hatua ayaache kwanza, ashike ncha ile nyingine ya kitambaa.

*

Jumamosi asubuhi mapazia yalitundikwa tena. Kliniki ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi, ila wagonjwa wachache wa zamani wa daktari walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi refu la ukutani. Sista alitembea kutoka kitanda hadi kitanda akigusa ule mkanda mzito wa bluu.

Karani alivua kofia. "Sista, juzi mke wangu alikudanganya," alisema. "Yeye alikata alichosomewa. Niliyesoma vibaya ni mimi. Macho yangu hayasomi."

Mama Mapazia aliinamisha kichwa kwenye mkoba wake. Sista alimtazama Karani, akatazama chini kwenye soksi, ambazo leo zilikuwa za rangi moja kwa sababu zilichaguliwa na mkewe, kisha akamwelekeza kwenye benchi kwa kidevu. "Kaa pale, Mzee. Umefika mahali penyewe."

Benchi lilipakana na chumba cha kupimia, na kati yao palikuwa na pazia tu. Karani aliwasikia wagonjwa wanne mbele yake wakisoma herufi za daktari, mmoja baada ya mwingine. Miaka thelathini na mmoja ya masjala si mchezo. Wa kwanza alipomaliza, Karani alikuwa ameshika mistari miwili. Wa tatu alipomaliza alikuwa na mistari yote sita kichwani, na hata alimrekebisha kimoyomoyo wa nne alipokosea. Kusema ukweli kwa Sista kulikuwa jambo moja. Kumsikia daktari akitamka neno upofu lilikuwa jambo jingine, na hilo alikuwa hajajiandaa nalo.

Alipoitwa aliingia kifua mbele, akaketi. Daktari, kijana mpole mwenye miwani mizito kuliko ya mtu yeyote mle ndani, alimwambia afunike jicho la kushoto na atazame kioo cha herufi mbele yake. Karani akafunika, akakohoa, akasoma mistari yote sita kuanzia juu mpaka chini bila kusita, pamoja na ile midogo ya mwisho ambayo hakuna aliyewahi kuifikia isipokuwa mgonjwa wa pili.

Daktari aliiweka kalamu mezani.

"Mzee wangu," daktari alisema, "kioo bado sijawasha."

Nje ya pazia Kitinda aliketi chini palepale sakafuni, mkono mdomoni. Sista alitoka kwenda kuangalia kitu bustanini.

Basi akapimwa kama wengine. Kioo kikawashwa, cheupe chenye herufi nyeusi, naye akafika mstari wa tatu. Kikageuzwa cheusi chenye herufi nyeupe, akaishia wa pili, akasema kwa sauti ya chini, haya ndiyo manyoya yangu. Daktari alimwekea kipande cha kioo mbele ya jicho, akakizungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ghafla manyoya yakanyolewa. Herufi ikasimama peke yake, nyeupe, yenye kona.

Daktari alieleza kwamba jicho hutakiwa kuwa la mviringo kama mpira, lakini la Karani limekaa kama yai. Mwanga ukiingia hauketi mahali pamoja, unatapakaa, na herufi nyeupe juu ya weusi hutapakaa zaidi. Umri nao umeongeza ya kwake. Alichungulia na ndani pia, kwa taa yake, kwa muda mrefu, na huko hakuona la kumtisha.

"Siyo upofu?" Karani aliuliza.

"Siyo upofu, Mzee. Ni miwani."

Karani aliomba aambiwe tena, naye akaambiwa tena.

Kwa kuwa walikuwa mbele ya mtaalamu, Kitinda aliingia akauliza aamue na ile kesi ya nyumbani: nyeupe au nyeusi. Daktari alijikuna. Alisema jicho la baba litasoma kwa raha zaidi kwenye weupe, na la binti, kama linapata nafuu kwenye weusi, basi liachwe kwenye weusi, ila sebule iwekwe taa ya kutosha, na binti ainuke kila baada ya muda atazame kitu cha mbali. Wote wawili walimshukuru. Wote wawili walitoka wakiamini wameshinda.

Pale nje walimkuta Sista amesimama, anamwangalia bibi kizee mmoja, mgonjwa wa zamani, aliyekuwa anatembea akipapasa hewa. Bibi alifika kwenye kitanda cha tatu, akasimama sawasawa mbele ya pazia, akainama kidogo, akaushika ule mkanda wa bluu, akalivuta kando, akaingia. Hakugonga kitu. Sista alisema kwenye chumba cha zamani cha daktari bibi yuleyule alikuwa ananaswa kwenye pazia kila wiki, maana pazia na ukuta na sakafu, vyote vilivyopauka, kwake vilikuwa kitu kimoja. Kisha akamgeukia Mama Mapazia, akamwambia madirisha pia anayataka hivyo, yenye mkanda. Vipimo atavituma kwenye tovuti.

"Na atakayeviandika awe ni Mzee," aliongeza. "Akishapata miwani."

*

Miwani ilikuja baada ya siku tisa. Asubuhi ile Karani alifungua kifungo cha ile nguo ya maua, akaivua kompyuta, akaikunja nguo. Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani, na Kitinda, ambaye siku hizo alipata sababu nyingi za kupita sebuleni, alikuwa amesimama na kikombe. Ukurasa ulikuwa mweusi. Karani hakugusa kitu. Alisoma vipimo vya madirisha ya kliniki kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya masjala, na mkewe akavirudia, na hakuna aliyenyanyua kichwa kuuliza.

Alipomaliza hakuacha. Aliendelea kushuka na ukurasa, mpaka chini kabisa, ambako palikuwa na mstari wa herufi ndogo mno ambao tangu tovuti ilipoundwa hakuwahi kujua kama upo. Akausoma kimya. Kisha, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kusoma kilichoandikwa, akausoma kwa sauti:

"Oda zote zinapokelewa na Karani. Hakuna mwandiko kama wake."

Kitinda alisema chai yake imepoa, akaenda dirishani kutazama kitu cha mbali.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mstari ulikuwa bado upo. Aliinua mkono polepole mpaka pembeni juu, akabonyeza jua, na ukurasa wote ukawa mweupe.

"Sasa nauona vizuri ule weusi," alisema. "Ila siupendi."

Akauacha hivyohivyo mweupe, akasimama, akachukua kanga ya mkewe kwenye msumari, akajifunga kiunoni, akaelekea kwenye vyombo.